Eskepu rumu za muvi: ya studio kubwa au ya mtaani, na familia au na washkaji?

Binamu yangu wa Dallas kanipigia wiki iliyopita, Julai anapokea wageni, shangazi anatoka Moshi kuja kuona wajukuu, halafu wiki hiyohiyo washkaji zake wa chuo wanashuka kutoka Minneapolis, na yeye kichwani ana wazo moja tu, kuwapeleka wote eskepu rumu ya muvi. Swali lake fupi: "Kaka, niende ile ya Universal kule Orlando au hizi za hapa mtaani, na niwachanganye wote au niwagawe?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, nilipofika dakika ya nane nikaona huyu hatasikiliza yote, ngoja niandike, na kama na wewe una wageni wako nawe chukua.

Kwa ambaye hajawahi kuingia, ni hivi. Mnaingia kikundi kwenye chumba kilichopambwa kama kipande cha muvi, maabara, meli, jela, nyumba ya mchawi, mnapewa dakika 60, ndani kuna makabati na kufuli na mafumbo, moja likifunguka linakupa cha kufungulia lingine mpaka mfike mwisho. Kuna mtu anaitwa gemu masta, yeye yuko chumba cha pili anawaona kwa kamera muda wote, mkikwama anawatumia dokezo kwenye skrini au kwenye redio ya mkononi. Mchezo wenyewe ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, jamaa anaitwa Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP, na wazo lilitoka kwenye yale magemu ya kompyuta ya kutafuta njia ya kutoka chumbani. Muvi zimedandia baadaye.

Mimi nimeshaingia kama kumi na kitu hivi, nyingi na familia, kadhaa na washkaji, na moja na wafanyakazi wenzangu ambayo naomba tusiizungumzie.

Kabla ya bei na nini, nikwambie ninavyochagua mimi. Watu wengi wanabuku kwa kuangalia muvi wanayoipenda wao, ukimuuliza kwa nini umetuleta hapa anakwambia si ndo muvi yangu ya tangu utotoni. Siku hizi mimi muvi naiangalia mwisho kabisa. Kwanza naangalia kwenye hiki kikundi nani atakuja kusimama kona. Kila kikundi kina mtu wa kona, yule anayeingia, anaona wenzake wanakimbia huku na huku, anarudi nyuma hatua mbili anaegemea ukuta mpaka saa nzima inaisha, na hela yake imelipwa sawa na wengine. Ukishamjua mtu wako wa kona, nusu ya uamuzi umeisha.

Haya, tuweke pembeni kwa pembeni.

Vyumba vya muvi viko vya aina mbili. Kuna vyenye leseni, yaani mwenye muvi kakubali, jina limeandikwa, sura za wahusika zipo, muziki ni wenyewe. Na kuna vya mtaani ambavyo vina harufu tu ya muvi. Utakuta "kisiwa cha dinosaria", "chuo cha uchawi", "mtafuta hazina" mwenye kofia na mjeledi, kila mtu anajua ni nini lakini bango halisemi, sababu leseni za hizo muvi ni hela ndefu na mwenye duka ana vyumba vinne tu na mkopo wa benki.

Ya Universal, ile kampuni kubwa ya muvi, ni ya aina ya kwanza. Waliifungua Desemba 2022 pale CityWalk, eneo lao la maduka na migahawa Orlando, wakaiita Universal's Great Movie Escape, kwenye jengo lililokuwa klabu ya usiku ya The Groove. Iko nje ya mageti ya zile bustani zao za michezo kwa hiyo huhitaji tiketi ya huko ndo uingie, hili watu wengi hawalijui wanadhani lazima walipe mara mbili. Kuna michezo miwili. Mmoja ni wa Jurassic World, nyinyi ni wanasayansi mmeajiriwa kisiwani na dinosaria anatoroka, mwingine ni wa Back to the Future, mwaka ni 1993, Biff, yule mbaya wa muvi, kaiba chombo cha Doc, yule mwanasayansi, cha kusafiria kwenye wakati na mnamfukuza zama kwa zama. Hamkai chumba kimoja, mnahama chumba hadi chumba, na hapo ndo unaona tofauti ya hela ya studio, kila ukipita mlango unakuta dunia nyingine imejengwa mpaka dari, sio stika zimebandikwa ukutani.

Bei walizotangaza wakati wanafungua zilianzia dola 49.99 kwa kichwa bila kodi, au dola 300 mkikodi peke yenu. Sasa piga hesabu hapo. Mkiwa 6 kwa bei ya kichwa kimoja kimoja ni dola 299.94, yaani kwa senti sita zaidi mnakuwa peke yenu bila mgeni. Mkiwa 4 ndo mtihani, aidha mlipe 300 muwe wenyewe, aidha mlipe 200 mkubali kupangwa na msiowajua. Kabla hujakata tiketi ya ndege ingia tovuti yao uone bei na ratiba ya siku zako, usiende kwa maneno yangu ukakuta mlango umefungwa.

Vya mtaani hapa Marekani mara nyingi ni dola 30 mpaka 45 kwa mtu, Uingereza pauni 25 mpaka 35 hivi, na wengi siku hizi wanakupa chumba chote hata mkiwa watatu. Mapambo yanatofautiana sana, kuna sehemu utaingia "kaburi la Farao" ukakuta ni boksi zimepakwa rangi ya mchanga, na kuna sehemu utaingia ukasahau kama nje kuna paking ya gari. Ila kwenye mafumbo yenyewe, na hapa nasema ninavyoona mimi, vya mtaani mara nyingi vinawashinda wakubwa. Studio inapitisha mamia ya watu kwa siku, wengine ni wazee, wengine hawajawahi, haiwezi kuweka fumbo la kukukalisha dakika kumi. Mwenye duka la mtaani kalitunga fumbo lake usiku jikoni kwake, kalijaribu kwa ndugu zake, analipenda kama mtoto.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anashinda kwa macho, studio. Kwa kichwa, mtaa. Lakini hilo bado halimjibu binamu sababu hajaniuliza yeye aende wapi, kaniuliza shangazi aende wapi.

Na hapa lazima niwape ya mama yangu.

Mwaka juzi mama alikuja kutoka Tanga, tukampeleka chumba kimoja hapa Houston, kipo katikati ya dobi na duka la pizza, ukipita barabarani huwezi hata kujua. Ndani ni cha upelelezi, stesheni ya treni ya kizamani, koti refu limetundikwa, masanduku ya ngozi, simu ya kuzungusha kwa kidole. Tulikuwa watano, mimi, mke wangu, mama, binti wa miaka 11 na dogo wa miaka 8. Mama kaingia na kanga yake begani, kaangalia kushoto kulia, kaona benchi la abiria, kakaa. Nikasema moyoni haya, mtu wa kona kapatikana dakika ya kwanza.

Dakika kama ya ishirini tukakwama. Kuna sanduku lina kufuli ya namba tatu, na juu ya dirisha la tiketi kuna saa tatu za mviringo zimesimama. Mimi niko chini na sanduku, mwanga hafifu, miwani nimeiacha kwenye gari, nikasema mama wewe uliyekaa hapo hebu nisomee hizo saa. Mama, kwa sauti ileile aliyofundishia darasa la pili miaka yote, akasoma moja moja: "Saa tatu kamili. Saa mbili kamili. Saa moja kamili."

Dogo akaruka juu. "Tatu, mbili, moja! Treni inaondoka!"

Yaani ikaingia akilini kabisa, stesheni, treni, kuhesabu kurudi nyuma, tukasema hawa waliotunga hili fumbo ni wajanja kweli. Nikazungusha 3-2-1. Wapi. 1-2-3. Wapi. Nikalivuta, nikaligonga, nikaanza kusema kufuli bovu hili, wametuibia hela. Gemu masta akatuma kwenye skrini: angalieni saa tena. Mama akaudhika kidogo, "Si tumeshaziangalia? Ameambiwa tatu, mbili, moja, anataka nini tena huyu?" Na gemu masta anatusikia vizuri tu lakini tunaongea Kiswahili, maskini ya Mungu anaona watu wazima wawili wanasoma saa na kukosa na hajui atusaidieje.

Dakika sita zimeondoka hivyo. Binti ndo akaacha alichokuwa anafanya, akanyanyua kichwa, akasema taratibu kama anaogopa kumsahihisha bibi yake: "Baba, mbona ni tisa, nane, saba?"

Kimya. Nikazungusha 9-8-7, kufuli ikasema klik. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye sanduku lingine. Mama hakukubali kushindwa, alisimama akazikazia macho zile saa akasema, "Kwani jua la kwao linachomoza saa saba?" Na kuanzia pale hakukaa tena. Yeye ndo aliyenyanyua kitabu kimoja kwenye rafu akasema hiki mbona kizito kuliko wenzake, kumbe ndani kina sumaku, ukikigusisha kwenye kaunta mlango wa nyuma unaachia. Tulitoka zimebaki dakika nne.

Nimeyatoa humo mambo mawili ambayo nayatumia mpaka leo nikibuku.

La kwanza, chumba kilichotungwa vizuri hakikudai uijue muvi. Waliopo kwenye hii kazi wanalichukulia hilo kama sheria, kila unachohitaji kiwe ndani ya chumba, hutakiwi kuja na elimu ya nje. Kwa hiyo usimwache shangazi nyumbani eti hajawahi kuiona muvi ya dinosaria, hata yule anayezijua zote hapati faida yoyote zaidi ya kupiga kelele mapambo yanapotokea. Kwenye vile vya leseni shabiki anafurahi zaidi, ndiyo, anatambua gari, anatambua mlio wa muziki, lakini asiye shabiki hafungiwi nje.

La pili ni lugha, na hili hutalikuta kwenye tovuti za Wazungu sababu haliwahusu. Kuna vyumba mafumbo yake ni ya vitu, kubeba, kupanga, kuzungusha, kulinganisha rangi, kusikiliza mlio. Na kuna vyumba vya maneno, barua ndefu za mwandiko wa kikoloni, vitendawili vya vina vya Kiingereza, herufi za kupangua. Ukimwingiza mama wa miaka sitini na kitu wa Tanga kwenye chumba cha maneno umemnunulia nafasi ya kona kwa dola 40. Wapigie simu tu, uliza: kuna kusoma sana humo ndani? Tuna mzazi ambaye Kiingereza sio lugha yake, mnatushauri chumba gani? Hawaoni ajabu, wanaulizwa hivyohivyo na Wameksiko na Wachina kila siku. Sehemu moja waliniambia wenyewe usichukue hicho cha uchawi, chukua cha meli, na wala sikujuta.

Watoto nao. Wa miaka 8 kushuka chini huyo anatafuta vitu tu, na kwa kutafuta hana mpinzani, anaingia chini ya meza ambako goti lako haliendi. Wa miaka 11, 12 ndo muda wao mzuri kabisa. Wa miaka 16 anajifanya hataki mpaka dakika ya kumi. Na ukiwa na watoto chini ya 10 wahesabu kama nusu mtu kwenye mafumbo, msiingie wawili wakubwa na watoto wanne mkategemea kutoka. Idadi nzuri kwangu mimi ni wanne mpaka watano. Wakifika wanane kwenye chumba kidogo wawili wanakuwa watazamaji, hapo kona zinajaa.

Sasa washkaji. Na washkaji hesabu inageuka kabisa, sababu hapa hutafuti wote wafanye kazi, hapa unatafuta kitu cha kuja kusimuliana miaka mitano. Na kwa hilo hakuna kama vya kutisha.

Kwa vyenye leseni Las Vegas ndo makao makuu. Kuna cha SAW, ile muvi ya watu kufungiwa kwenye mitego ya kuua, tangu 2018 na cha IT, yule chizi wa kuchekesha mwenye puto jekundu, tangu 2022, vyote vya kampuni moja, na ni vikubwa, mnatembezwa vyumba vingi, kuna mitambo inayosogea na taa zinazokuzimikia wakati mbaya. Waliopo London nao walifunguliwa SAW yao maeneo ya Aldgate mwaka 2022. Familia yenye watoto usiipeleke huko, tafadhali, hata kama dogo anakwambia ameshaiona muvi kwenye simu ya mwenzake. Kuona ni kingine, kufungiwa nayo ni kingine.

Sisi tulienda cha mtaani cha mtindo huohuo, watano, usiku wa Ijumaa. Mnaanza mmefungwa pingu kwenye bomba, giza, maji yanadondoka tone tone kwenye ndoo. Kati yetu kuna mmoja ni mlinzi wa klabu, mwili jumba, ndo aliyetushawishi, njiani kote anatuchamba. Na kuna mmoja mhasibu, mpole, haongei, mtu wa kona wa kuzaliwa. Dakika ya kumi na tano kabati likafunguka akatoka mwigizaji na aproni ina damu. Mlinzi wetu alisoma Baba Yetu yote mpaka amina, tena kwa sauti, mkono mmoja bado uko kwenye pingu. Mhasibu hata hakugeuka, alikuwa anajumlisha namba za kwenye mita za umeme ukutani, akasema tu "mia mbili arobaini na moja, mwenye kufuli ajaribu". Hatukutoka, muda uliisha tukiwa mlango wa mwisho, na hakuna aliyejali.

Umeona eh, mtu wa kona kwenye familia sio lazima awe wa kona kwenye hofu. Giza linawagawa watu upya. Ndo maana kuchanganya shangazi na washkaji chumba kimoja nakataa, sio kwamba shangazi ataharibu, ni kwamba kila mtu atajibana. Washkaji hawatatukana, shangazi hatakaa kwa amani, na wewe katikati utakuwa mkalimani wa pande zote mbili.

Kwa vya kutisha uliza mapema kama kuna mwigizaji ndani na kama anagusa watu. Sehemu nyingi hawagusi, nyingine wanakupa karatasi usaini. Mwenye presha, mjamzito, au yule asiyeweza kabisa sehemu za kubana, mwambie kabla, sio mkiwa mmeshavishwa pingu.

Kuna kosa lingine tulilifanya siku nyingine, la kubuku bila kukodi chumba chote. Tulikuwa watatu, tukapangwa na wapenzi wawili, wakimya, wamevaa viatu vya mazoezi. Baadaye ndo tukajua hao jamaa wameshafanya vyumba zaidi ya mia. Dakika 34 wamemaliza kila kitu, sisi tuko nyuma tumeshika tochi tunawamulikia. Mmoja wetu alifungua droo moja, na ilikuwa tupu. Hatukuwa na wa kumlaumu, ni sisi tuliobana dola sitini. Kwa familia nasema kabisa, chumba cha kukodi peke yenu au msiende, maana pamoja na wageni mama hata Kiswahili atashindwa kuongea kwa uhuru.

Nigusie usalama kidogo, sio kutisha watu. Tarehe 4 Januari 2019 huko Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikufa kwenye chumba kama hiki wakiwa wanasherehekea bethdei ya mmoja wao. Gesi ya kupashia joto ilivuja sehemu ya mapokezi, moto ukawaka pale, na wao walikuwa wamefungiwa ndani hawana njia nyingine. Serikali kule ikakagua vyumba nchi nzima na baadhi vikafungwa. Tangu niisome hiyo, nikifika mahali naangalia kabla ya kulipa. Mlango wa chumba mara nyingi unashikwa na sumaku ya umeme, hiyo ni nzuri, umeme ukikatika mlango unaachia wenyewe, na pembeni panakuwa na kitufe cha dharura. Muulize gemu masta akuonyeshe kitufe, akionyeshe kwa kidole, na mgonjwa wa kukojoa akitaka kutoka dakika ya ishirini atoke vipi. Sehemu nyingi za sasa hata mlango mlioingilia haufungwi, mnafungua mlango mwingine wa mchezo. Akianza kukujibu kwa kucheka cheka "usijali brother", geuza gari. Pizza ipo hapohapo jirani.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau, ya boksi. Kama uko Dodoma au Kisumu na hakuna chumba karibu, au mzazi wako miguu inamsumbua, kuna michezo ya karatasi ya hivihivi ya mezani. EXIT, ya Wajerumani, Kosmos, ilichukua Kennerspiel des Jahres, tuzo ya kule Ujerumani ya michezo ya mezani, mwaka 2017, ni kama dola 15, lakini unaikata kwa mkasi, unaikunja, unaiandikia, ukimaliza umemaliza, huwezi kumpa jirani. Unlock! yenyewe ni kadi na programu ya kwenye simu inayohesabu dakika, haikatwi, ukimaliza unampasia mwenzio, na wana boksi la Star Wars lenye leseni kabisa, visa vitatu ndani. Kwa macho haifikii chumba, unaangalia kadi mezani, basi. Ila mtu wa kona hana pa kujificha, meza ni moja. Shida ni ileile, Kiingereza, sasa hapo kijana mmoja anageuka msomaji wa wote na baada ya nusu saa amechoka.

Haya binamu, rudi kwangu sasa.

Orlando kutoka Dallas ni ndege, hoteli, gari la kukodi. Kama mlikuwa mnaenda Orlando hata hivyo, weka Universal siku ambayo mmechoka kutembea kwenye jua, chukueni chumba chote, na kwa shangazi ningechagua dinosaria kuliko Back to the Future, dinosaria anaelewa mtu yeyote, ukisikia mngurumo huhitaji maelezo, ila mambo ya kwenda zama zilizopita ukarudi ukakuta zimebadilika utaanza kumwelezea shangazi kwenye foleni na hutamaliza. Kama safari ni ya hiyo eskepu rumu peke yake, hapana, hela hiyo inatosha vyumba vitatu vya mtaani na nyama choma juu.

Shangazi na watoto wapeleke cha mtaani, asubuhi, Jumamosi saa tano hivi, maana mchana vinajaa bethdei za watoto na kelele zinapenya ukutani. Chumba cha vitu sio cha maneno, watano msizidi, paking iwe mlangoni. Mbebee miwani yake, narudia, miwani. Washkaji wapeleke kingine, usiku, cha kutisha, na wale kwanza, maana kuna mmoja kati yao namjua akiwa na njaa anagombana na kufuli.

Jana kanitumia meseji, amebuku. Kumbe kwa shangazi alitaka kile cha mtaani cha kisiwa cha dinosaria, kikawa kimejaa, kachukua cha treni, tawi la Dallas la walewale tulioenda na mama. Akaniuliza, "Sasa zile saa za ukutani, nimwambie shangazi mapema?"

Nikamjibu acha.